Dhara Lisilo Jeraha: Tafakuri juu ya Ini, Sumu na Ujirani

Sheria za wanadamu, na mila zao vilevile, zimezoea kulipima dhara kwa kile kilichovunjika. Aliyeua huulizwa maiti. Aliyepiga huulizwa jeraha. Aliyechoma nyumba huonyeshwa majivu. Pasipokuwa na maiti, wala jeraha, wala majivu, mshitakiwa hurudi kwake na baraza huvunjika. Mizani hii imetufaa kwa karne nyingi, na hatuna sababu ya kuitupa. Lakini ipo namna ya dhara isiyoingia katika mizani hiyo, kwa kuwa haivunji kitu. Huwaacha majirani wawili hai na wazima, kila mmoja ndani ya nyumba yake, ila hawasikilizani tena. Je, aliyeleta hali hiyo amedhuru? Na kama amedhuru, amemdhuru nani: huyu, yule, au kitu cha tatu kilichokuwa baina yao?

Swali hili lingeweza kuulizwa kwa kisa cha fitina, kwa kuwa mfitini ni fundi wa kazi hiyo. Makala haya yanaliuliza mahali ambapo wapenzi wa mashairi hawapatarajii, yaani ndani ya ini. Wataalamu wa seli, kwa zaidi ya nusu karne, wamelichunguza dhara la aina hii kwa vipimo na kwa tarehe, na waliyoyaona yanatudai tufikiri upya juu ya maana ya kudhuru. Tena lugha yetu ilikwisha kulitia ini katika mambo ya watu na watu. Neno baya la mwenzio hukukata maini, na masikilizano yakiharibika husemwa yametumbukia nyongo. Nayo nyongo hutengenezwa na ini.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Sehemu iliyo kubwa, kiasi cha asilimia 80 ya ujazo wake, ni seli za aina moja zilizopangwa safu kwa safu kandokando ya vijito vya damu. Kila seli ni nyumba kamili: ina kuta zake, ghala yake ya sukari, jiko lake la kupikia protini na la kuvunjia sumu. Mtu angedhani kwamba nyumba iliyokamilika hivyo haimhitaji jirani. Lakini nyumba hizi hazikujengwa kama zile za shamba, kila moja na uwanja wake. Zimejengwa kama mji wa mawe.

Msomaji aliyepita katika vichochoro vya Lamu ameliona wikio: ujia au chumba kilichojengwa juu ya njia nyembamba, kikaunganisha ghorofa ya nyumba moja na ghorofa ya nyumba inayoikabili. Apitaye chini huona kivuli tu. Huko juu, wanawake wa nyumba mbili walipita wakapeana habari, wakaazimana vyombo na wakauguziana wagonjwa pasi na kushuka njiani. Na wikio haliwezi kujengwa na nyumba moja. Boriti za upande huu zisipopokewa na ukuta wa upande wa pili, hapana wikio.

Seli za ini zina mawikio. Kila seli hutengeneza protini ziitwazo koneksini. Koneksini 6 hujipanga duara zikafanya nusu ya mfereji. Jirani naye hufanya nusu yake. Nusu mbili zikikutana katika mwanya ulio baina ya kuta, mwanya wa nanomita 2 hadi 4 tu, hushikana, na njia hufunguka kutoka ndani ya nyumba hii hadi ndani ya nyumba ile. Mifereji hiyo hukusanyika mamia kwa maelfu mahali pamoja. Humo hupita vitu vidogo: chumvi, sukari, kalsiamu, na molekuli zinazobeba habari. Protini kubwa na vinasaba havipiti. Kila nyumba hubaki na kitabu chake cha asili na siri zake, na papo hapo haibaki peke yake.

Manufaa ya mawikio hayo yalionekana wazi mwaka 1996. Katika ini la panya, neva zinazoleta amri ya kutoa sukari wakati wa hofu au dhiki hazifiki kwa kila seli. Huishia kwa seli chache zilizo karibu na mlango wa damu, nazo hupokezana habari na majirani mpaka ifike mwisho wa mtaa. Watafiti waliwachukua panya wadogo walioondolewa kinasaba cha koneksini 32, ambayo ndiyo koneksini kuu ya seli za ini. Neva zilipochochewa kwa umeme, ini la panya hao lilitoa sukari pungufu kwa asilimia 78 kuliko la wenzao. Sukari ilikuwamo ghalani, kwani walipopewa homoni iliyomfikia kila mmoja kwa njia ya damu, ilitoka kama kawaida. Hapakuwa na seli iliyokufa wala ghala iliyokuwa tupu. Kilichokosekana ni mpokezano, na kwa kukosekana huko ini zima likawa kana kwamba ni zito wa kusikia.

Panya hao walizaliwa na kasoro iliyopangwa maabara. Swali letu linaanza pale kasoro inapoletwa na kitu kutoka nje.

Mwaka 1966 Werner Loewenstein na Yoshinobu Kanno walitangaza kwamba seli za kawaida za ini la panya huwasiliana, ilhali seli za saratani ya ini walizozipima hazikuwasiliana na majirani zao. Lilikuwa jambo la kushangaza, lakini halikusema kipi kilitangulia: ugonjwa au kimya. Ufunguo ulipatikana mahali pengine. Tangu miaka ya 1940 ilijulikana kwamba mafuta ya mbegu za krotoni, yakipakwa peke yake juu ya ngozi ya panya, aghalabu hayaleti saratani. Lakini yakipakwa mara kwa mara juu ya ngozi iliyokwisha kuguswa na sumu nyingine, vivimbe huchomoza. Mafuta hayo hayakuwa mwandishi wa kosa. Yalikuwa mchochezi. Mwaka 1979 James Trosko na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan State, na katika mwaka huohuo Murray na Fitzgerald, walionyesha kwamba kiini cha mafuta hayo hukata mawasiliano baina ya seli. Miaka miwili baadaye, mwaka 1981, Gary Williams na wenzake walionyesha kwamba DDT hufanya vivyo hivyo kwa seli za ini la panya zilizooteshwa maabara. Katika miaka iliyofuata Klaunig na Ruch wakaongeza ushahidi wa lindeni, dawa nyingine ya kuulia wadudu, na wa fenobabitoni, dawa ya kifafa.

Namna mojawapo ya kukipima kimya hicho inastahili kuelezwa, kwa kuwa inamfundisha msomaji jinsi ya kukiona kitu kisichoonekana. Seli huoteshwa zikatanda kama mkeka. Mtafiti huchora mstari kwa wembe juu ya mkeka huo, kisha humimina rangi ya manjano inayong'aa. Rangi huingia katika zile seli zilizokatwa, na kutoka humo hupita wikio kwa wikio hadi kwa majirani ambao wembe haukuwagusa. Mkeka ukiwa na afya, baada ya dakika chache manjano huwa yameenea safu nyingi kila upande. Mkeka uliotiwa sumu ya kunyamazisha hubaki na mstari mmoja mwembamba. Ukizitazama seli moja moja hutaona tofauti: zinapumua, zinakula, kuta zao nzima. Tofauti huonekana katika umbali ambao rangi imeshindwa kwenda.

Hapa tuzitofautishe sumu mbili, kwani fikra yetu ya kawaida inaijua moja tu. Sumukuvu, inayotokana na kuvu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, huingia katika seli ya ini na kugandama kwenye kitabu cha vinasaba, ikaacha kosa la maandishi. Kwa kiwango kikubwa huua upesi. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafariki. Sumu kama hii tunaielewa. Ina jeraha, ina maiti, na baraza lina la kujadili. DDT, kwa kiwango kinachonyamazisha, haikupatikana kuwa na tabia hiyo. Seli hazikufa. Ilichofanya ni kufumba njia. Kemikali za aina hii zina mbinu mbalimbali: zipo zinazosababisha koneksini zibandikwe fosfeti na mlango ukafumba, zipo zinazozifanya seli zimeze mawikio yake zenyewe, na zipo zinazozuia mapya yasijengwe.

Mbinu hiyo ya mwisho ina jambo la kutafakari. Koneksini huishi saa chache tu, kisha huvunjwa na nyingine kushika nafasi. Wikio baina ya seli si jengo la chokaa linalorithiwa na wajukuu; ni kazi inayofanywa upya tangu alfajiri hadi usiku. Kwa hiyo anayetaka kulivunja hahitaji nyundo. Yatosha kuwashughulisha mafundi kwa nusu siku. Na kwa sababu hiyohiyo, katika majaribio ya maabara, kemikali ilipooshwa, mawasiliano yalirudi. Udhaifu wa wikio na matumaini yake vimetoka katika chanzo kimoja.

Kwa nini basi kimya kizae uvimbe? Katika ini la mtu mzima, kwa miaka mingi, hapakosekani seli iliyopata kosa katika kitabu chake. Nyingi hazifiki popote. Inafahamika kwamba sehemu ya sababu ni majirani: habari zinazopita kwenye mawikio huishikilia seli hiyo katika desturi ya mtaa, ikakua kwa kiasi na ikakoma pa kukoma. Ikifungiwa nje ya mazungumzo, hubaki na sauti moja tu ya kuisikiliza, nayo ni yake. Mwaka 1997 ilionekana kwamba panya wadogo wasio na koneksini 32 hupata uvimbe wa ini kwa wingi kuliko wenzao, wa kujitokeza wenyewe na wa kuletwa na kemikali. Mwaka 2000 ikaonekana jambo lililokaza hoja zaidi: fenobabitoni, ambayo huchochea uvimbe katika maini ya panya wa kawaida, haikufanya kazi hiyo kwa panya wasio na koneksini hiyo. Ukikosekana mlango wa kufunga, mfunga milango hana kazi.

Mpaka hapa msomaji anaweza kuona hitimisho limekwisha andikwa: mawasiliano ni mema, kimya ni kibaya, na kila kinachofumba wikio ni adui. Lingekuwa hitimisho jepesi, na ini lenyewe linalikataa.

Seli ikipasuka, kalsiamu huifurika ghafla, na mawikio yake yote hufumba. Majirani hawakumtupa mwenzao. Wangeacha njia wazi, mauti yangewapitia wao pia. Hali kadhalika, theluthi mbili za ini la panya zikikatwa, zilizobaki hufanya kazi ya ajabu: seli hugawanyika mpaka ini lirudi ukubwa wake katika muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Katikati ya kazi hiyo, baina ya siku ya kwanza na ya pili, mawikio mengi hutoweka, kisha yakarejea. Ni kama malenga anayejifungia chumbani mpaka shairi likamilike, halafu akafungua mlango na kuja barazani kulisoma. Na mwaka 2012 watafiti waliripoti kwamba panya wasio na koneksini 32 waliumia kidogo kuliko wengine walipopewa dawa zinazounguza ini, kwa kuwa mauti hayakupata njia ya kuenea. Ingawa majaribio mengine yaliyofuata hayakukubaliana nao. Basi kufunga mlango si kosa kwa dhati yake. Nyumba inayoungua hufungwa, na mwenye kazi nzito hujifungia.

Hoja yangu, basi, ni hii. Kimya cha seli inayojigawa na kimya cha seli iliyonyweshwa DDT huweza kufanana mbele ya darubini. Vinatofautiana katika mambo matatu: nani amefunga, kwa sababu gani, na mpaka lini. Ini lijifungapo, hufunga kwa haja yake na kwa muda wake, na hufungua haja ikiisha. Kemikali hufunga bila haja ya mwenye nyumba, bila kuulizwa, na hufunga kwa muda wote itakaokuwamo. Na DDT, kwa kuwa huyeyuka katika mafuta na huvunjika polepole mno, hukaa mwilini kwa miaka. Mlango una haki ya kufungwa na mwenyewe. Dhuluma ni kufungwa na mgeni asiye na neno wala tarehe ya kuondoka.

Tukilikubali hilo kwa seli, tutaona kwamba lilikuwa kweli kwa watu tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776-1840) alijibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu katika zama ambazo miji yao ilikuwa katika uhasama. Maneno yalikuwa makali, lakini uwanja wa kujibizana ulibaki wazi: vina viliitikiwa, fumbo lilifumbuliwa. Ugomvi unaojibizana bado ni ujirani. Mwenye kususa kwa hasira naye bado anasema jambo, na jirani huelewa. Anayewadhulumu wote wawili ni yule atakayeuondoa uwanja wenyewe, hata kama hakuna atakayetoka damu.

Ila natahadharisha. Jamii si ini, na mtu si seli. Seli haina dhambi wala thawabu, na mwili huiangamiza moja kwa faida ya zote bila kuulizwa. Watawala wengi duniani wameupenda mfano wa mwili mmoja kwa sababu hiyo hasa: wakisha kusema taifa ni mwili, hupata wa kumwita saratani. Mimi sichukui kutoka kwa ini amri ya kutuambia tuishije. Nachukua ushahidi wa jambo moja tu, kwamba dhara laweza kuwapo pasipo mhanga wa kuonyeshwa kwa kidole, na kwamba laweza kupimwa.

Ushahidi huo unatufikia hapa Visiwani kwa njia isiyo ya mbali. Kampeni ya kutokomeza malaria Unguja na Pemba, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kusitishwa mwaka 1968, ilitegemea kupuliza kuta za nyumba kwa DDT na viuadudu vya jamii yake. Malaria ilishuka sana. Upuliziaji uliposimamishwa, ikarudi. Watoto waliokua katika miaka hiyo bila ya kuzikwa ni hoja nzito kuliko makala yoyote, na atakayesema kwamba dawa ile ilikuwa uovu mtupu aende akaseme mbele ya mzazi aliyemzika mwanawe kwa homa. Paul Müller alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948 kwa kugundua nguvu za DDT dhidi ya wadudu, na haikuwa kwa upuuzi.

Lakini ukweli huo haufuti ule mwingine. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2004, uliibana DDT duniani ukaacha ruhusa ya kupambana na wadudu waenezao maradhi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuunga mkono upuliziaji wake majumbani dhidi ya malaria. Mwaka 2015 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka DDT katika kundi la vitu ambavyo yamkini huleta saratani kwa watu, na lindeni katika kundi la vile vilivyothibitika. Ushahidi wa mawikio umetoka zaidi kwa panya na kwa vyombo vya maabara. Panya si mtu, na wagonjwa wa kifafa waliomeza fenobabitoni kwa miaka mingi hawakuonekana kupata saratani ya ini kama walivyopata panya. Anayeitumia dawa hiyo kwa amri ya daktari asiiache kwa sababu ya makala haya, kifafa kinaua.

Hapo ndipo maadili yanapokuwa magumu, na ndipo yanapostahili jina lake. Ingekuwa rahisi kama kila sumu ingekuwa haina kheri. Mtu anapopuliza ukuta ili mtoto asife, anachagua baina ya dhara lenye jeneza na dhara lisilo na jeraha, na nadhani ni haki kuliepuka kwanza lile lenye jeneza. Kinachotakiwa kwake ni masharti yaleyale ambayo ini hujiwekea lijifungapo. Mwenye nyumba aambiwe kinachopulizwa ni nini na kinaweza kufanya nini. Sababu iwepo, ionekane, na ipimwe kila mwaka kama bado ipo. Na iwekwe tarehe ya mwisho, pamoja na juhudi ya kweli ya kutafuta njia nyingine, ili ruhusa ya dharura isigeuke mazoea. Sumu yenye masharti hayo ni kama mgeni aliyebisha hodi. Ikiyakosa, hata iwe imeleta kheri, imeingia kwa kuvunja.

Pale ambapo hapana mtoto wa kuokolewa, hukumu haina ugumu. Huko Vikuge, wilayani Kibaha katika Mkoa wa Pwani, shehena ya viuadudu vilivyokwisha muda iliachwa katika shamba mpaka ghala ikabomoka, na wachunguzi wa udongo wakakuta mabaki ya DDT na ya jamii ya lindeni. Sumu ile haikumzuia mbu yeyote kuingia chumbani kwa mtu. Ilikaa tu, mvua zikainyeshea. Watu wa mahali kama hapo wakiuliza wamefanywa nini, watajibiwa kwa mizani ya kale: nani amekufa? Na jibu likiwa hakuna, faili hufungwa.

Na ndiyo maana mizani hiyo inahitaji kuongezewa kikombe cha tatu. Desturi ya kuipima sumu imekuwa kuitia seli na kuhesabu zilizokufa, au kusoma kitabu chake na kuhesabu makosa. Vipimo hivyo viwili ni vya lazima, na vyote viwili huitazama nyumba moja moja. Kimya hakimo katika nyumba hii wala ile. Kimo baina. Tena, kemikali kumi zinaweza kuingia mwilini kila moja ikiwa chini ya kiwango kilichoruhusiwa, kila mwenye kiwanda akiwa na karatasi yake safi, na zote kwa pamoja zikawa zinakwamisha mafundi walewale wa mawikio. Hakuna aliyevunja sheria. Kila mmoja amenyamazisha kidogo.

Hapo ndipo swali la mwanzo linaporudi: amedhuriwa nani? Sheria hutafuta mwenye mali. Wikio la Lamu liko juu ya njia ya wote, limeegemea kuta za wawili, na hakuna hata mmoja wa hao wawili awezaye kusema ni lake peke yake. Likibomolewa, huyu atasema nyumba yangu nzima, na yule atasema yangu pia nzima, na wote wawili watakuwa wamesema kweli na wamepoteza. Naona jibu ni kwamba baina nayo hudhulumika, na kwa kuwa haina ulimi wa kushitaki, deni la kuisemea ni la wote walioegemeza kuta zao. Msemo wa wahenga kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu hudhaniwa ni wa kumtisha adui. Mimi nausoma kuwa ni wa kumwajibisha jirani: asisubiri mshindo ndipo aulize kimya kilianza lini.

Kuuliza huko hakuhitaji maabara kwa kila mtu. Kunahitaji watu wapewe majina ya vitu wanavyopuliziwa, lugha ya vibandiko iwe ile wanayoisoma, na mwanakijiji atakayesema kwamba ghala fulani linavuja asiulizwe kwanza maiti iko wapi. Kwa upande wetu sisi wa kalamu, kunahitaji tusiyaache maneno kama haya kwa wenye darubini peke yao. Koneksini huvunjika kila baada ya saa chache, na seli haijawahi kuchukulia kwamba wikio la jana litatosha kwa leo. Hilo ni jambo dogo la kibayolojia. Nimeona lafaa kuandikwa katika kurasa za mashairi, kwa kuwa wasomaji wake wanajua kwamba majibizano nayo hayarithiwi: shairi lisilojibiwa hufunga njia, na anayetaka njia ibaki wazi hana budi kuchukua kalamu na kujenga nusu yake.